Klipu ya Tatu

Tangu apasuliwe koo Bugando
sauti ya baba imebaki nusu kijiko.
Nyumbani, tukizima redio na feni, inatosha.
Ndani ya Karina yangu haitoshi.

Karina ina mambo yake.
Mlango wa nyuma unatetemeka kama meno ya mwenye homa,
dashibodi inatafuna njugu toka Buzuruga hadi Kisesa,
na chini ya miguu barabara yote ya Musoma
inapanda, inaingia, inakaa, haiagi.
Kila Alhamisi namtoa kliniki, namrudisha Magu.
Kila Alhamisi midomo yake inacheza pembeni yangu
nami naitikia "ndiyo, baba"
kwa maneno nisiyoyasikia.
Siku moja nilisema ndiyo, akanitazama mpaka Nyanguge.
Sijui niliulizwa nini.

"Debe tupu," alisema Bwire, fundi wa Igoma,
akigonga mlango kwa kifundo cha kidole
kama mtu anayechagua tikiti maji.
"Bati halina kosa. Liko uchi, ndiyo maana linapiga kelele."
Akataja bei. Nikataja nusu yake.
Tukakutana pale ambapo kazi nafanya na mimi.

Basi Jumapili nzima nilikuwa mwanagenzi.
Viti vilikaa nje juani kama wageni wasiokaribishwa.
Tukalivua zulia: vumbi la miaka kumi na mitatu,
sarafu ya hamsini, dagaa wawili wakavu,
na pini ya nywele, si yangu, ya mwenye gari wa kwanza.
Tukafuta bati kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka cheupe.
Shuka za lami zenye mgongo wa fedha
tulizikata, tukazipasha kwa drayer ya saluni
(ya mkewe; irudi kabla ya saa kumi),
kisha roli ya mkono, kandamiza, kandamiza.
"Hewa ikibaki ndani, umelipia puto.
Na matundu ya chini usiyazibe.
Mlango nao hukojoa."

Ile fedha ilinikata vidole mara nne.
Klipu tatu zilivunjika.
Mbili tulipata za kubadilisha.

Jioni nikafunga mlango. Haukusema kwalala.
Ulisema di.
Nikafungua, nikafunga. Di.
Watoto wa jirani wakapanga foleni, kila mmoja na zamu yake.

Alhamisi tukashuka kilima cha Bugando,
vioo juu. Mawe yaliyobebana
yakapita upande wa pili wa kimya.
Nyakato niliisikia saa ya mkononi mwake.
Igoma nilimsikia akimeza,
mate yakitafuta njia penye mshono,
yakisimama, yakijaribu tena.
Hilo sikuwa nimelijua. Miezi mitano
Karina ilikuwa ikinifichia.

Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi kwenye kinu cha pamba.
Alizima mashine kabla haijaharibika,
kwa sikio tu: mkono juu, kichwa kimeinama,
na wanaume arobaini wanyamaze.

Tulipopita Kisesa akainua mkono.
Kichwa kikainama.
Nikapunguza mwendo, nikazima feni.
Ile nusu kijiko ikanifikia bila kumwagika:
"Kushoto. Nyuma. Kuna klipu haipo."

Nilicheka hadi nikaegesha kando, mbele ya wauza nyanya,
mmoja akaja na ndoo yake dirishani, akatuona, akarudi.
Baba alicheka kwa mabega.
Kisha akajifuta macho, akasema,
"Na lile la siku ile. Ulijibu ndiyo.
Bado ni ndiyo?"

"Rudia, baba."

Akarudia, neno moja moja,
na kule nyuma paneli ikagonga mara mbili, taratibu,
na mimi safari hii
sikuwa na haraka ya kujibu.